Siku Moja Zaidi: Bajeti ya Kupanda Kilimanjaro

Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na mwenge kwenye kilele cha Kibo, na hadi leo mwezi huo una mvuto wake kwa Watanzania wanaotamani kupanda. Matangazo husambaa kwenye vikundi vya WhatsApp vya maofisini, vya makanisani na vya watu waliosoma pamoja, na swali la kwanza linaloulizwa huwa hilohilo: ni shilingi ngapi? Nadhani hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika kabla hazijaanza. Swali la kutangulia ni la siku. Ukishajua utakaa mlimani siku ngapi, na nani atakuwa nawe siku hizo, bei utaipata mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Ukianza na bei, kuna mtu mwingine atakayekuamulia siku.

Karibu kila gharama ya mlimani huhesabiwa kwa siku. Ada ya hifadhi ni ya siku. Malazi, yawe ya kibandani au ya hemani, ni ya usiku mmoja mmoja. Mwongozaji, mpishi na wapagazi, ambao Moshi huwaita wagumu, hulipwa kwa siku, na wote hao wanakula kama wewe unavyokula. Kwa hiyo mwenye kampuni anayetaka bei yake ishuke chini ya ile ya jirani ana njia mbili za haraka: kukata siku moja ya ratiba, au kukata malipo ya watu wanaobeba mizigo. Njia zote mbili hazionekani kwenye tangazo, na zote hulipiwa na mwili wa mtu: wa mpandaji au wa mgumu.

Tuanze na mwili wa mpandaji. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni kule juu ni sehemu ileile ya hewa kama iliyopo Kariakoo, asilimia 21 hivi, lakini mgandamizo wa hewa umeshuka hadi karibu nusu, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyozoea. Mwili unajua kujirekebisha. Unapumua kwa kasi zaidi, figo zinarekebisha kemikali za damu ili kasi hiyo iendelee hata usingizini, na baadaye damu yenyewe inaongeza uwezo wa kubeba oksijeni. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na hakuna mazoezi yanayoiharakisha. Kijana anayekimbia kilomita 10 kila asubuhi Dar es Salaam anaweza kuanguka kwa kichefuchefu pale ambapo mama wa miaka 55, anayetembea taratibu na kulala vizuri, anapita salama. Kwa kweli vijana wenye nguvu ndio huwa hatarini zaidi, kwa sababu miguu yao inawafikisha juu kabla damu yao haijawa tayari.

Madaktari wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne uwe na siku ya kupumzika bila kupandisha malazi. Hata ratiba ndefu za Kilimanjaro huvunja kanuni hiyo mahali fulani. Tofauti ni kwamba ratiba fupi huivunja vibaya. Chukua njia ya Marangu, ambayo wananchi wengi huipenda kwa kuwa ina vibanda. Unaanzia geti lililo chini kidogo ya mita 1,900, unalala Mandara mita 2,720, kesho yake Horombo mita 3,720, kisha Kibo mita 4,720, na usiku huohuo, saa sita hivi, unaamshwa kwenda kileleni. Hiyo ndiyo safari ya siku tano. Katika saa arobaini na nane hivi baada ya kulala Mandara umeshapanda mita 2,000, na bado unadaiwa mita nyingine 1,175 gizani, kwenye baridi inayoweza kushuka chini ya nyuzi 15 hasi. Safari ya siku sita inaongeza kitu kimoja tu: usiku wa pili Horombo. Mchana wa siku hiyo unapanda kuelekea Mawenzi, unakaa kidogo juu, unarudi kulala palepale. Wenyeji wanasema panda juu, lala chini, na hawakosei.

Sasa tuipigie hesabu siku hiyo moja. Chukulia kikundi cha watu wanne kinachotumia wagumu 10. Shirika la KPAP, ambalo tangu 2003 linatetea wapagazi likiwa na ofisi Moshi, kwa miaka mingi lilitaja shilingi 20,000 kwa siku kuwa kima cha chini cha ujira wa mgumu. Tutumie kiwango hicho kama mfano. Siku sita ni shilingi 1,200,000 kwa wagumu wote. Siku tano ni 1,000,000. Tofauti ni shilingi 200,000, yaani 50,000 kwa kila mpandaji. Ongeza sehemu yake ya malipo ya mwongozaji na mpishi, chakula cha siku moja, na ada ya hifadhi na ya kibanda, ambazo raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kikilinganishwa na cha mgeni. Mtu ambaye ameshalipa nauli, ameshaomba likizo, ameshanunua viatu na ameshawaaga ndugu zake anakataa kuongeza kiasi hicho, halafu anageuzwa pale Gilman's, ukingoni mwa kreta, akitapika. Sijui matumizi mabaya ya fedha kuliko hayo katika safari nzima.

Kwa mgeni hesabu ni nzito zaidi. Kwa viwango ambavyo vimetumika kwa miaka kadhaa, mgeni asiye mkazi hulipa dola 70 kwa siku kama ada ya hifadhi, dola 50 kwa usiku wa hemani au dola 60 kwa usiku wa kibandani, na dola 20 za uokoaji kwa safari nzima, kisha juu yake VAT ya asilimia 18. Siku moja zaidi Marangu inamgharimu dola 153 za ada peke yake. Hili linawahusu Watanzania na Wakenya waliohamia Marekani au Ulaya na kuchukua uraia wa huko: wakija likizo ya Desemba na pasipoti ya kigeni, getini wanahesabiwa kama wageni, hata kama walizaliwa Rombo. Na kinyume chake, raia wa Afrika Mashariki asiye na kitambulisho mkononi asitegemee kupewa bei ya raia kwa sababu ya Kiswahili chake. Kitambulisho cha taifa au pasipoti ni kitu cha kwanza kwenye begi.

Ada hizo zinampa mgeni kipimo kizuri cha kumjua muuzaji. Safari ya siku saba kwa njia ya Machame ina siku saba za ada ya hifadhi, dola 490, na usiku sita wa kambi, dola 300. Ongeza 20 za uokoaji, weka VAT, unapata karibu dola 956. Akitokea mtu anayeuza safari hiyo kwa dola 1,200, maana yake amebakiwa na dola 244 za kumlipa mwongozaji, msaidizi wake, mpishi na wagumu kwa siku saba, kuwalisha wote, kukodi gari, kutunza mahema, na kupata faida. Haiwezekani bila kumdhulumu mtu. Kila anayetafuta bei nafuu afanye hesabu hiyo kabla ya kushukuru kwa punguzo.

Kwa mwananchi, hesabu ina sura nyingine, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Kwa kuwa ada zake ni ndogo, sehemu kubwa ya bei yake ni watu. Kwa hiyo kikundi cha ofisini kinapobembeleza punguzo, na kampuni ikakubali, punguzo hilo haliwezi kutoka serikalini. Linatoka kwa mgumu. Anaongezewa mzigo, au anapunguziwa ujira, au wenzake wanapunguzwa na yeye anafanya kazi ya watu wawili. Kiwango kilichowekwa ni kilo 20 za mzigo wa safari, na mizani ipo getini, lakini mizani haioni kinachotokea baada ya kona ya kwanza. Haioni kama mgumu ana viatu, kama analala kwenye hema lenye sakafu, kama anapata milo mitatu au mmoja. KPAP huwaazima wagumu nguo za baridi bure, na kuwepo kwa huduma hiyo kunaeleza mengi kuhusu hali yao. Wapandaji huogopa ugonjwa wa mwinuko. Mgumu anapanda mwinuko uleule, tena mbio, ili kambi iwe imesimama na maji yamechemka kabla hujafika.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya bajeti yako andika mistari ya watu kwanza. Wangapi? Kila mmoja analipwa kiasi gani kwa siku? Analipwa lini? Muulize mwenye kampuni maswali hayo waziwazi, na anayejizungushazungusha mwache. Kisha weka bakshishi pembeni tangu mwanzo, kwenye bahasha yake, usiihesabu kama chenji itakayobaki. Siku ya mwisho itoeni mbele ya wote na kiasi cha kila mtu kitajwe kwa sauti, ili mgumu wa mwisho kwenye foleni ajue alichopewa na asipokee pungufu jioni.

Watu wanaodhani kupanda mlima ni ushujaa peke yake watafakari mafanikio ya kwanza yanayojulikana kimaandishi. Hans Meyer, Mjerumani kutoka Leipzig, alijaribu Kibo mwaka 1887 akashindwa kwenye barafu. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani, kwa kuwa vita vya Abushiri vilimkuta njiani. Mwaka 1889 alirudi na mpandaji wa Austria, Ludwig Purtscheller, lakini zaidi alirudi na mpango: kambi kadhaa mlimani, na chakula kikipandishwa kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Kwenye kambi ya juu alikaa nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, akitunza moto na kupika katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuwahi kuiota. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, wakarudi. Kwa kuwa chakula na kambi vilikuwapo, walipumzika wakajaribu tena, na tarehe 6 wakasimama kileleni. Bila siku tatu zile na bila watu waliopandisha chakula, Meyer angehesabiwa kushindwa mara ya tatu.

Uchaguzi wa njia unafuata mantiki hiyohiyo. Marangu ni nafuu kwa sababu ya vibanda: hakuna mahema ya kubeba, kwa hiyo wagumu ni wachache. Udhaifu wake ni kwamba inapandisha moja kwa moja. Machame ni ya mahema, na inahitaji watu wengi zaidi, lakini siku ya tatu inakupeleka hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha inakushusha kulala Barranco chini kidogo ya mita 4,000, jambo zuri kwa mwili. Machame nayo inauzwa kwa siku sita au saba, na tofauti ni usiku wa Karanga kabla ya Barafu. Usinunue ile ya siku sita. Lemosho ni ndefu, ya kupendeza, na ghali kwa kuwa hata kufika mwanzo wake upande wa magharibi ni safari ya gari. Rongai inapanda kutoka upande wa kaskazini ulio mkavu, na inafaa miezi yenye mvua. Umbwe ni mwinuko mkali, haimfai mgeni wa milima.

Majira pia ni fedha. Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi mikavu, na ndiyo yenye wageni wengi. Masika bei zinaweza kujadiliwa, lakini matope ya msituni na theluji ya juu vinadai viatu na nguo bora kuliko miezi mingine, kwa hiyo unachookoa kwa kampuni unakitumia dukani. Desemba ina mabaki ya vuli na msongamano wa sikukuu. Anayeitaka Marangu tarehe hizo aweke nafasi ya vibanda miezi mingi kabla.

Vifaa ndivyo vinavyowatisha watu wengi, ilhali hapo ndipo pa kuokoa fedha kihalali. Nunua vile vinavyogusa ngozi na mguu: viatu, ambavyo uvivae mwezi mzima kabla ya safari, soksi nzito, na nguo za ndani zisizo za pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho haikauki na baridi inaingia nayo. Jinzi ibaki nyumbani. Vingine kodisha Moshi au Arusha: mfuko wa kulalia, jaketi nene la manyoya, fimbo, suruali ya kuzuia upepo. Kabla ya kukodisha pita soko la mitumba la Memorial, Moshi. Majaketi ya Ulaya yaliyokusudiwa theluji huwa yanapatikana pale kwa bei ambayo duka la michezo la mjini halitakupa. Tochi ya kichwani na betri za akiba ununue mwenyewe na uzijaribu. Chupa za maji zifungwe ndani ya soksi usiku wa kileleni, maana maji huganda.

Afya ina mistari yake kwenye bajeti, na wengi huiacha tupu. Huku kwetu kuna jambo moja ambalo vitabu vya wageni hulitaja kwa ufupi mno: selimundu. Mwenye ugonjwa huo hapaswi kwenda mwinuko wa namna ile, kwa kuwa upungufu wa oksijeni unaweza kumletea maumivu makali na hatari ya kifo. Hata aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajaumwa, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu. Wengi hawajijui. Pimeni kikundi kizima kabla ya kulipa chochote. Ni kipimo cha damu, na gharama yake ni ndogo mbele ya bei ya safari. Mwenye shinikizo la damu, moyo, pumu au mimba azungumze na daktari. Dawa ya acetazolamide, inayouzwa kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea, lakini haifai kila mtu na haichukui nafasi ya siku.

Kuhusu bima, uliza maswali mawili tu na udai jibu kwa maandishi: inagharamia hadi mita ngapi, na inalipia helikopta? Bima nyingi za safari zina kikomo cha mwinuko. Ada ya uokoaji ya hifadhi ni ya kukushusha kwa machela. Helikopta ni bili nyingine kabisa. Kisha mkubaliane kikundini, kabla ya kuondoka, kwamba mwongozaji akisema mtu ashuke, anashuka. Kichwa kuuma ni kawaida. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukohoa huku unakosa pumzi hata ukiwa umekaa ni dalili za ubongo au mapafu kujaa maji, na dawa ya kwanza ni kushuka saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Kwa sababu hiyo kikundi kinahitaji waongozaji zaidi ya mmoja: mmoja akishuka na mgonjwa, wengine wasibaki yatima. Huo nao ni mstari wa bajeti usiokatwa.

Fedha yenyewe ipatikane vipi? Mwaka mmoja unatosha kwa mwenye mshahara wa kawaida, na upatu au kikoba cha kikundi ndiyo njia ninayoiamini zaidi, kwa kuwa inapima pia nani kweli anakwenda. Msilipe dalali wa barabarani. Lipeni kampuni yenye leseni ya utalii, yaani TALA, kwa risiti ya mashine, na mkataba unaotaja njia, idadi ya siku, idadi ya waongozaji na wagumu, na nini kitatokea mtu akiugua kabla ya safari. Tengeni akiba ya sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa dharura. Wanaotoka Dar es Salaam walale Moshi usiku mmoja kamili. Kushuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja getini ni kuanza safari ukiwa umeshachoka. Ada nazo hubadilika, aghalabu na mwaka mpya wa fedha unaoanza Julai, kwa hiyo anayepanga safari ya Septemba kwa bei za Machi athibitishe upya.

Kuna pia swali la kama Kilimanjaro ndio uwe mlima wa kwanza. Mimi nasema hapana kwa anayeweza kungoja. Mlima Meru, mita 4,566, unapandwa kwa siku tatu au nne, ukisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu ya nyati, na unakuonyesha mwili wako unavyopokea mwinuko kwa sehemu ndogo ya gharama. Kwa Wakenya, Point Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985, inafanya kazi hiyo bila kamba. Rwenzori ni jambo jingine: kilele cha Margherita, mita 5,109, kina barafu, kinataka kamba na viatu vya meno, na njia yake ni ya matope ya siku nyingi. Na wenye ndoto za mbali zaidi wajue kwamba Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, Mei 2012, alikuwa mwongozaji wa Kilimanjaro aliyekwisha kuzoea mwinuko kwa kazi yake. Kibali cha Everest peke yake sasa ni dola 15,000.

Hukumu yangu ni hii. Aliye na fedha ya Marangu siku sita au Machame siku saba, na watu wote wamelipwa kihalali, aende. Asiye nayo asinunue siku tano. Aiache fedha yake kwenye kikoba, apande Meru mwaka huu, na Kilimanjaro aiwekee mwaka ujao.